Barabara ya Alaska haijengwi mara moja

Anayeendesha gari kwenye barabara ya Alaska kutoka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwenda mpaka wa Alaska hufika Ziwa Kluane bila shida. Akishaipita Burwash Landing mambo hubadilika. Lami inaingia mawimbi. Mabega ya barabara yameinamia mitaroni, nyufa ndefu zinafuata mwelekeo wa safari badala ya kukata kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila baada ya mwendo fulani kuna kipande cha changarawe tupu chenye vibendera vya kuonya madereva wapunguze mwendo. Hali huwa hivyo kwa takriban kilomita 200, kupitia Beaver Creek, kijiji kilicho magharibi kuliko vyote Kanada, hadi mpakani.

Si mbali na Beaver Creek kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege ulioitwa Snag. Tarehe 3 Februari 1947 kipimajoto cha hapo kilishuka hadi nyuzi 63 chini ya sifuri, baridi kali kuliko yoyote iliyowahi kurekodiwa Kanada. Na ndiyo sehemu hiyo hiyo ambayo barabara yake inaharibiwa na joto.

Kinachopaswa kutuudhi kidogo ni kwamba kipande hiki hakikusahaulika. Ndicho kilichojengwa upya. Kilipanuliwa, kona zikanyooshwa, kikainuliwa kwa kifusi kipya, kwa pesa nyingi na kwa miaka mingi. Wakati barabara nyingine za kaskazini zinaharibika kwa kukosa mkandarasi, hii imeharibika pamoja na mkandarasi wake. Wengine huwalaumu wahandisi. Mimi sidhani. Wahandisi wa Yukon wanaijua ardhi yao kuliko mtu yeyote, na kama tutakavyoona, wamefanya majaribio ambayo dunia nzima inayasoma. Tatizo lipo kwenye namna pesa inavyotafutwa. Washington, Ottawa, Juneau (mji mkuu wa Alaska) na Whitehorse, serikali zote nne zinazohusika na kipande hiki, zinajua kulipia mradi wenye mwanzo na mwisho. Kazi isiyoisha haina mahali kwenye bajeti zao, na ardhi iliyoganda inadai kazi isiyoisha.

Barabara yenyewe ilizaliwa kwa haraka. Japani ilipoishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani ilijikuta haina njia ya nchi kavu ya kuifikia Alaska. Machi 1942 wanajeshi wa uhandisi wakaanza kazi kutoka Dawson Creek, British Columbia. Juni Wajapani wakavitwaa visiwa vya Attu na Kiska vya Alaska, na mwendo ukazidi. Tarehe 20 Novemba mwaka huo huo utepe ukakatwa pale Soldier's Summit, juu ya Ziwa Kluane. Zaidi ya kilomita 2,500 za msitu, mito na tope, kwa muda wa miezi minane hivi. Leo ina urefu wa kama kilomita 2,230, kwa kuwa tangu wakati huo kazi kubwa imekuwa kunyoosha kona za wanajeshi wale. Sifa hiyo hurudiwa kila maadhimisho, ingawa kilichofunguliwa siku ile kilikuwa njia ya malori ya jeshi tu. Wakandarasi wa kiraia waliofuata ndio walioifanya ipitike kwa watu wa kawaida, na raia waliruhusiwa kuitumia kwa uhuru mwaka 1948.

Kati ya wanajeshi zaidi ya 10,000 walioifyeka, karibu theluthi moja walikuwa Wamarekani weusi, katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi, vikiwemo cha 93, cha 95 na cha 97. Jenerali Simon Bolivar Buckner, mkuu wa jeshi huko Alaska, hakuwataka na aliandika hivyo bila kificho. Walizuiwa kuingia mijini. Walilala kwenye mahema katika baridi ambayo wengi wao, wakiwa wametoka majimbo ya kusini, hawajawahi kuiona. Mara nyingi makatapila yalipelekwa kwa vikosi vya wazungu, wao wakaachiwa mashoka na sururu. Hata hivyo kikosi cha 95 kilisimamisha daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa muda usiozidi siku nne.

Ninawataja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanastahili, na nitawarudia. Ya pili ni kwamba vikosi vile, vyeusi na vyeupe, viligundua kwa taabu jambo ambalo warithi wao waliendelea kulilipia. Mwanzoni makatapila yalikwangua kila kitu: miti, mizizi, na tabaka nene la kuvumwani linalofunika ardhi ya kule. Ndivyo barabara zinavyojengwa kwingine kote. Baada ya siku chache jua la kiangazi, ambalo kule karibu halizami, liliyeyusha barafu iliyokuwa imefichwa, na malori yakazama hadi kwenye mihimili. Wakajifunza kuliacha tabaka lile lilivyo, wakalaza magogo juu yake, gogo kando ya gogo, kisha wakamwaga changarawe. Hawakuwa na nadharia wala vipimo. Waliona tu kwamba ardhi ile ukiivua inakumeza.

Wanaojenga barabara kwetu wanaujua udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Unamkosesha mkandarasi usingizi, lakini dawa yake inajulikana: uchimbe, utupe, ujaze kifusi kizuri. Ardhi iliyoganda mwaka mzima haina dawa ya namna hiyo. Maeneo ya Beaver Creek udongo wake umechanganyika na barafu kwa mita kadhaa kwenda chini, na kwenye sehemu nyingine barafu ni tupu. Ukiichimba umeifungulia joto. Ukiiacha na kuifunika kwa tuta la kifusi, bado umeigusa, kwa njia ambazo mtu asiyeishi kule hawezi kuzikisia.

Joto la kiangazi halipiti katikati ya barabara peke yake. Njia yake kubwa ni pembeni, na mkosaji mkuu ni theluji. Theluji laini inayokaa kwenye miteremko ya tuta majira yote ya baridi inazuia baridi isiingie ardhini. Uwanda wa asili una theluji iliyotandazwa sawasawa, lakini mteremko wa barabara hukusanya ile inayosukumwa na greda pamoja na ile inayopeperushwa na upepo. Matokeo yake, chini ya uwanda ardhi inapoa kila mwaka kwa miezi sita au saba, na chini ya bega la barabara haipoi vya kutosha. Kiangazi kikija, maji hutuama kwenye mtaro penye bonde dogo lililoachwa na barafu iliyoyeyuka, na maji yaliyosimama yana uwezo mkubwa wa kushika joto. Bega linazama, linavuta lami, na hapo ndipo nyufa zile ndefu zinapotokea. Weusi wa lami unaongeza yake.

Kwa hiyo tuta likiwa pana na refu zaidi, miteremko nayo inakuwa mikubwa zaidi, na theluji inayokaa juu yake inaongezeka. Ujenzi uliokusudiwa kuifanya barabara iwe ya kisasa uliongeza kile kile kinachoiyeyusha. Na hapo hatujataja kwamba hewa yenyewe ya Yukon imepata joto katika miongo ya karibuni.

Sasa tuangalie nani alilipa, maana simulizi la pesa ndilo linaloeleza kwa nini ilijengwa vile.

Baada ya vita, tarehe 1 Aprili 1946, Kanada ilikabidhiwa sehemu yake, ambayo ni sehemu kubwa ya barabara. Lakini kipande cha kutoka Haines Junction hadi mpaka wa Alaska, pamoja na barabara ya Haines inayoshuka hadi bandarini, kinatumika zaidi na watu na bidhaa zinazokwenda Alaska kuliko na Wakanada. Ottawa haikuona sababu ya kuitolea fedha. Mwaka 1973 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuruhusu fedha za Marekani zijenge barabara ndani ya nchi nyingine, na mwaka 1977 nchi mbili zikatia saini makubaliano yanayojulikana kwa jina la Shakwak. Zilihusika takriban kilomita 500.

Masharti yake yanafaa kusomwa polepole. Marekani italipia ujenzi. Kanada itatoa ardhi ya kupitishia, haitatoza ushuru wa barabara, na baada ya ujenzi itaitunza iwe katika hali ya kuwatosha watumiaji wa sasa na wa baadaye. Kwa mwanasheria hayo ni masharti ya haki kabisa: mmoja anajenga, mwingine anatunza. Kwa mtu aliyewahi kuiona ardhi ya Beaver Creek, ni mkataba ambao mmoja amechukua gharama inayoisha na mwingine akachukua isiyoisha, huku amefungwa mikono asiweze kumtoza yule anayeitumia. Na aliyebeba utunzaji siku hizi ni serikali ya Yukon, yenye wakazi 40,232 kwa sensa ya mwaka 2021. Uwanja mmoja mkubwa wa mpira ungewameza wote.

Sisemi Marekani ilikuwa na hila. Fedha zake zilikuja kwa miongo zaidi ya mitatu, jambo ambalo si dogo kwa barabara iliyo nje ya mipaka yake. Ninachosema ni kwamba mkataba wa aina hiyo una mwelekeo wake. Mwenye pesa ya kujenga anataka kujenga: barabara pana, iliyonyooka, inayoweza kuonyeshwa kwa wabunge. Mwenye jukumu la kutunza anajua vizuri kwamba njia nyembamba ya changarawe ingemgharimu kidogo, lakini nani atakataa barabara ya bure? Hakukuwa na mtu mezani ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza gharama ya miaka 40 ijayo.

Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mpya ya usafiri, fedha za Shakwak zikaondolewa. Hakukuwa na ugomvi wala tangazo kubwa. Bunge lilikuwa na vipaumbele vingine. Kwa mtazamo wa Washington mradi ulikuwa umekwisha. Chini ya lami ndiyo kwanza kazi ilikuwa inapamba moto. Yukon ikabaki na barabara pana inayozama, na wanasiasa wake wakaenda Washington tena na tena kuomba, hadi sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliporuhusu Alaska kuitumia tena fedha yake ya barabara kwa kazi hii. Kuruhusu, tuelewane, si sawa na kutenga. Alaska ina madaraja yake mabovu, na mwanasiasa wa Juneau anayepeleka dola ng'ambo ya mpaka anahitaji ujasiri wa aina yake.

Wakati huo wote majaribio yalikuwa yakiendelea. Mwaka 2008 serikali ya Yukon, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Laval cha Quebec, Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na wengine, ilijenga karibu na Beaver Creek kipande cha barabara kilichogawanywa sehemu 12, kila moja ikijaribu njia tofauti ya kuiweka ardhi katika baridi yake. Sehemu moja ilifunikwa mawe makubwa badala ya kifusi cha kawaida. Wakati wa baridi hewa nzito ya juu hushuka kati ya mawe na kuisukuma ile yenye joto itoke, na kiangazi mzunguko huo hukatika wenyewe, kwa sababu hewa baridi iliyoko chini haina sababu ya kupanda. Sehemu nyingine zilitobolewa kwa mabomba ya kupitisha upepo ndani ya tuta. Kwingine walijenga vibanda vya mbao juu ya miteremko ili theluji isikae na jua lisipige. Kwingine walipaka lami rangi nyepesi ili isivute joto. Na sehemu nyingine, hii naipenda kwa urahisi wake, walichofanya ni kuiondoa theluji kwenye miteremko wakati wa baridi.

Yaliyofanya vizuri ni yale uliyoyatarajia: mawe yanayofunika tuta zima, mabomba ya upepo, vibanda. Ndiyo pia yaliyo ghali. Mawe ya ukubwa unaotakiwa, yasiyo na vumbi la kuziba nafasi kati yake, hayapatikani kila mahali, na kuyasafirisha kwa malori kilomita nyingi ni bajeti nyingine.

Kipo pia kifaa ambacho serikali ya Yukon imekitumia pale Dry Creek, kusini mwa Beaver Creek: themosaifoni. Ni bomba lililozibwa, lenye gesi ya kaboni dioksidi iliyoshindiliwa, nusu likiwa ardhini na nusu likitokeza juu. Kimiminika kilichoko chini huchukua joto la ardhi, kikageuka gesi, kikapanda, kikapoa kwenye hewa ya baridi, kikarudi chini kama kimiminika. Hakitumii umeme wala hakina kipande kinachozunguka. Kiangazi kinalala chenyewe, kwa kuwa hewa ya juu ina joto kuliko ardhi. Bomba la mafuta la Alaska, lililoanza kazi mwaka 1977, lina sehemu ndefu iliyosimama juu ya nguzo zenye zaidi ya mabomba 120,000 ya namna hiyo. Mwaka ule ule wa makubaliano ya Shakwak, kumbuka. Kampuni za mafuta zilipolipia baridi ya ardhi, barabara ya umma ilipewa kifusi.

Huenda mtu akauliza kwa nini wasifanye kama Wachina. Reli ya Qinghai hadi Tibet, iliyofunguliwa mwaka 2006, inapita kilomita zaidi ya 500 za ardhi iliyoganda, na penye barafu nyingi zaidi Wachina waliamua kuipandisha juu ya madaraja marefu yasiyo na mto chini yake. Ni suluhisho safi. Pia ni suluhisho la dola yenye sababu za kisiasa za kufika Lhasa kwa gharama yoyote. Kwa barabara ya Beaver Creek, ambayo wakati wa baridi unaweza kuendesha dakika nyingi bila kukutana na gari, hesabu hiyo haifiki popote.

Hapo ndipo ninapoachana na wengi wanaoitetea barabara hii. Wao wanataka fedha za Shakwak zirudi ili kazi ikamilishwe, yaani lami nzuri hadi mpakani. Mimi ningetaka fedha zirudi kwa sharti kwamba hakuna atakayeikamilisha. Sehemu zilizo mbaya zaidi ziachwe ziwe changarawe, kwa makusudi na kwa heshima, zikiwa na greda na wafanyakazi wa kudumu. Changarawe ikizama unaongeza changarawe asubuhi hiyo hiyo, lakini lami ikizama unangoja zabuni. Yukon yenyewe kwa muda mrefu imetumia lami nyepesi ya kokoto kwenye barabara zake nyingi badala ya lami nzito, kwa sababu hiyo hiyo ya kuweza kuibandua na kuirudisha bila makuu. Busara hiyo iende hatua moja mbele.

Najua watakaonijibu. Madereva wa malori watasema changarawe inakula matairi na vioo, na watakuwa sahihi. Wenye hoteli ndogo za njiani watasema mtalii mwenye nyumba yake ya magurudumu atageuzia Whitehorse. Wakazi wa Burwash Landing na Beaver Creek, wengi wao wa mataifa ya asili ya Kluane na White River, watauliza kwa nini wao ndio wapewe barabara ya daraja la pili, na swali hilo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa gari la wagonjwa linapita hapo hapo. Sina jibu la kuwaridhisha wote. Lakini kipande cha changarawe kinachochongwa kila juma ni salama kuliko lami yenye wimbi ambalo dereva haoni mpaka magurudumu yamepaa. Na pesa ya utunzaji inaajiri watu wa vijiji vile mwaka mzima, wakati pesa ya ujenzi huleta kambi ya mkandarasi kwa misimu miwili na kuondoka nayo.

Upande wa Alaska suala limechukua sura nyingine. Tangu mwishoni mwa 2023 malori yenye urefu wa karibu mita 29, trela mbili kila moja, hubeba mawe ya dhahabu kutoka mgodi wa Manh Choh, ulio kwenye ardhi ya kijiji cha Tetlin, hadi kiwanda cha Fort Knox karibu na Fairbanks. Ni kama kilomita 390 kwenda tu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni barabara ya Alaska. Kampuni ya Kinross ilikadiria mgodi utachimbwa miaka minne au mitano. Kijiji cha Tetlin kinapata mapato na ajira, na sioni aibu yoyote hapo. Kijiji kile hakina utajiri mwingine wa kupita barabarani.

Lakini wahandisi wa barabara wanajua tangu majaribio makubwa ya Illinois ya mwisho wa miaka ya 1950 kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito wa ekseli. Unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ikiwa na uzito maradufu, madhara yake kwa barabara ni mara 16 hivi. Magari madogo ya maelfu ya watalii yanaweza yasifikie madhara ya lori moja. Na kwenye njia hiyo kuna madaraja ya chuma ya mwaka 1944, kama yale ya mito Robertson, Johnson na Gerstle, yaliyojengwa kwa malori ya enzi za vita. Serikali ya Alaska ina mpango wa kuyabadilisha. Wapinzani wa malori wanasema umma unanunua madaraja mapya kwa ajili ya mgodi mmoja. Serikali inasema yalikuwa yameshazeeka hata bila mgodi. Wote wawili wana ukweli, na ndiyo maana ingekuwa vema mwenye mgodi achangie kwa kila tani inayopita. Kenya ilianza kukata tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta tangu mwaka 1993, kwa hoja rahisi kwamba anayeitumia aitunze. Hoja hiyo haina ugeni wowote wa kuishangaza Alaska.

Daraja la Gerstle lina jina jingine. Mwaka 1993 lilipewa jina la kumbukumbu ya wanajeshi weusi walioijenga barabara. Likibadilishwa, jina halina budi kuhamia kwenye daraja jipya, tena kwa kibao kinachoonekana kutoka barabarani. Miaka 50 ilipita kabla ya serikali yoyote kuona haja ya kukiweka cha kwanza.

Kwa upande mwingine, kuna kazi moja kwenye barabara hii inayoonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vizuri. Pale Teslin, kusini mwa Whitehorse, daraja la ghuba ya Nisutlin lenye urefu wa mita 584 lilijengwa mwaka 1953. Ndilo lililokuwa refu kuliko yote yanayovuka maji kwenye barabara hii. Ilipofika zamu ya kulibadilisha, serikali ya Yukon haikuanza na michoro. Ilianza na makubaliano, yaliyotiwa saini mwaka 2019 na Baraza la Watlingit wa Teslin, taifa la asili la pale, kuhusu ajira, mafunzo na kulinda ghuba ambayo watu wale wameivua samaki kabla Yukon haijaitwa Yukon. Mkataba wa kujenga daraja jipya, wa karibu dola milioni 160 za Kanada, ulitolewa mwaka 2022. Mwaka 1942 hakuna aliyewauliza kitu. Majeshi yalipita, na nyuma yao yakaja surua, mafua makali na homa ya uti wa mgongo. Teslin ilizika watu.

Lakini tusijidanganye kwa daraja la Nisutlin. Daraja ni kitu cha kuhesabika, lina bei, lina siku ya kufunguliwa. Serikali zinayapenda madaraja. Kilomita 200 za kifusi kinachozama hazina siku ya kufunguliwa, na kwa hiyo hazina rafiki.

Na usidhani kilichojengwa kwa hesabu nzuri kiko salama. Kwenye kichwa cha kusini cha Ziwa Kluane barabara inavuka A'ay Chù, mto ambao kwa karne kadhaa ulilishwa na mto wa barafu wa Kaskawulsh. Mwishoni mwa Mei 2016, kwa siku chache tu, maji yakageuza njia. Barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba maji yaliyokuwa yakienda kaskazini, hadi Bahari ya Bering, yakapata mkato wa kusini kwenda Pasifiki kwa kupitia mto Alsek. Kina cha ziwa kikapungua, na siku za upepo vumbi la mto uliokauka huvuka barabara. Wahandisi walilipimia daraja lile mafuriko. Hakuna aliyeambiwa apime mto kuondoka. Mradi unaopangwa kwa miaka 75 katika nchi ya namna hiyo unaahidi kitu ambacho hakuna mwenye uwezo wa kukiahidi.

Kwa hiyo nikiulizwa mkataba mpya wa Shakwak uwe na nini, sitaanza na kilomita. Washington na Juneau zichangie kila mwaka kiasi kidogo kisichotegemea mhemko wa Bunge, kikae kwenye mfuko wenye kazi moja ya kutunza, na kisiweze kuhamishiwa ujenzi. Kifungu kinachokataza ushuru wa barabara kifunguliwe kwa malori mazito peke yake. Watalii waachwe wapite. Ottawa ilipie themosaifoni na mawe kwenye sehemu chache zenye barafu nene karibu na juu, zile ambazo hazifai hata kwa changarawe. Mataifa ya Kluane na White River yawe na viti mezani tangu siku ya kwanza, na greda zikae Beaver Creek na Burwash Landing zikiendeshwa na watu wa pale. Na kabla ya yote hayo, kwa kuwa haihitaji mkataba wala Bunge, msimu huu wa baridi waanze kuifagia theluji kwenye miteremko.